Usimkasirikie Mganga wa Koo

Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, wengi walinung'unika kwa kuwa waganga walikawia kuwapasua mafindofindo. Mimi naona waganga walifanya vema. Vijidudu vya ugonjwa ule hukaa puani na kooni, na mpasuaji huinama karibu kabisa na pumzi ya mgonjwa. Liang Wudong, mganga wa masikio, pua na koo huko Wuhan, China, alikufa kwa ugonjwa huo tarehe 25 Januari 2020. Mafindofindo, kwa kawaida, yaweza kungoja. Lakini mtoto aliyepaliwa na punje ya karanga, naye anapumua kwa shida, hawezi kungoja. Huyo mlete mbio, hata wakati wa tauni. Usimweke nyumbani kwa kuogopa hospitali.