Nunua umeme, jenga boksi

Kila nikipost video ya boksi langu la muziki, lazima mtu aulize: "Bro, si ungenunua tu wufa ya dukani uache kujitesa?" Leo naandika jibu lote mara moja.

Kwanza ukweli unaouma. Boksi langu lilinigharimu zaidi. Wufa ya dukani nilinunua 7,500. Hili la kujijengea, ukihesabu plaiwudi, spika, amplifaya, gundi, na nauli ya kutoka Kiambere hadi Nairobi na kurudi, liligonga kama 11,000, na wiki tatu za vumbi la mbao puani. Kwa hivyo yeyote anayekuambia ujenge ndio uokoe pesa, muulize kama alihesabu nauli.

Sasa skiza kilichofanyikia ile ya dukani. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa, nikarudi nyumbani na simu na deni. Video hazikuwa zinalipa (bado hazilipi vizuri, asanteni kwa kuuliza). Nikaona nikodishe muziki kwa visherehe vidogo: bathdei, mahari, harambee. Wufa ilikuwa imeandikwa wati 12,000, kwa herufi kubwa kuliko jina la kampuni. Nikaamini. Shughuli ya nne, Jumamosi, mama jirani anasherehekea binti yake kumaliza shule. Saa kumi jioni ikaanza kunuka plastiki inayoungua, halafu kimya. Watu wote wakaniangalia mimi. Nilimrudishia mama 1,500 yake na nikaibeba kwa boda kama maiti.

Fundi hakuifungua hata. Aliigeuza tu, akaniwekea kidole kwa stika ya nyuma. "Kijana, hapa ulisoma?" Stika ilisema inavuta wati 60 kutoka kwa ukuta. Manze, kitu kinachokula wati 60 hakiwezi kutoa 12,000. Hakiwezi kutoa hata 60, kwa sababu nyingine inapotea kama joto. Ile namba ya mbele huwa na herufi PMPO kando yake, na PMPO haina kipimo chochote ambacho makampuni yamekubaliana. Kila mtu anaandika anachojiskia. Alipofungua ndani, chipu kubwa ilikuwa imekwaruzwa namba, huwezi jua ununue gani ya kubadilisha. Hapo ndipo niliudhika kweli. Kitu kuharibika ni sawa, lakini hii mtu alikaa chini akahakikisha hakitatengenezwa.

Huko majuu kujenga ni tofauti kidogo na kwetu. Unaagiza seti, inakuja na spika, vichujio, na mchoro wa kukata mbao. Hesabu zimeshafanywa. Hesabu zenyewe zilitoka kwa Neville Thiele wa Australia, aliyezichapisha 1961, halafu Richard Small akaziendeleza miaka ya 1970. Kila spika ina namba zake, na hizo namba ndizo zinasema boksi liwe la lita ngapi. Kwetu "seti" ni wewe kuzunguka Luthuli Avenue ukiokota kipande hapa na kingine pale, na karatasi ya namba haipo. Kuna tu msee anakuambia "hii ni original, boss."

Na bado inawezekana. Hao mafundi wa nganya za Nairobi wamejenga muziki wa matatu miaka yote, boksi linakatwa kutoshea chini ya kiti. Boksi langu la kwanza lilikuwa lita 12 na spika ya inchi nane, likatoa sauti ya ng'ombe aliyefungiwa chooni. La pili nilipima ndani sentimita 30 kwa 30 kwa 40, ukizidisha ugawanye kwa 1,000 unapata lita 36. Besi ikapumua. Kosa lingine, wufa mbili zilikuwa zinapigana, moja ikienda mbele nyingine inarudi nyuma, besi inapotea kabisa. Chukua betri ya tochi, gusa nyaya. Koni ikisonga nje, upande uliogusa chanya ndio chanya. Shilingi hamsini hivi za betri zingeniokoa siku nne.

Lakini kitu kilichonibadilisha kabisa ni sola. Kiambere tuna bwawa la umeme tangu 1988, na bado kwa shosho wangu taa ni ya betri ya volti 12. Sherehe nyingi ninazoitwa ziko hivyo. Volti 12 kwa spika ya omu 4 inakupa kama wati 18 safi, basi. Utafanya nini na hizo? Ukiongeza wati mara mbili, unapata desibeli 3 tu, sikio linaona tofauti kidogo. Spika nzuri kwenye boksi kubwa inakupa hizo desibeli bure. Wufa ya dukani ina boksi dogo kwa sababu lazima itoshee kwa kontena na kwa rafu, halafu inajaribu kufidia kwa wati ambazo sisi hatuna. Hiyo ndio sababu yangu ya kujenga. Mbao ni bei rahisi kuliko umeme.

Mbao yenyewe: nilitaka kutumia mukau, mti wetu wa huku ambao mchwa hawaugusi. Fundi wa mbao akanicheka. Mbao ya mti mzima hujikunja na kupasuka kwa hili joto letu. Nilitumia plaiwudi ya milimita 18, mukau nikaweka miguu tu, kwa sababu sakafu ya shosho ni udongo na mchwa hawana adabu.

Amplifaya usijenge, nunua. Chochote cha volti 240 usiguse kama hujafunzwa, hiyo inaua. Na ile ndogo ya bluetuthi ya kusikilizia kitandani, nunua tu, hakuna mtu ana wiki tatu za hiyo.

Yule mama aliniita tena mwezi jana, nusu kwa huruma nadhani. Katikati ya shughuli twita moja (sio ile ya Elon) ikafa. Nilikuwa na ingine mfukoni ya 250. Skrubu nne, nyaya mbili, dakika saba. Mama alikuja akasimama nyuma yangu akiangalia, akauliza, "Hii nayo ulinunua wapi?"

Nikamwambia, "Mama, hii nilitengeneza."

"Haya," akasema, "basi ongeza sauti."