Tiketi ya maili si ya bure: kodi ni ipi, na makato ya shirika ni yapi?

Swali hili limetufikia zaidi ya mara moja kutoka kwa wasikilizaji wa Turiani na Mtibwa wenye watoto ughaibuni. Kijana yuko Uingereza au Ghuba, amekusanya maili za ndege miaka kadhaa, anapiga simu nyumbani kwamba safari hii anakuja kwa tiketi ya bure. Wiki mbili baadaye anasema hana pesa ya tiketi. Nyumbani wanaguna. Bure gani hiyo inayohitaji pesa? Wapo wanaoamua kwamba mtoto kabadilika, hataki kuja.

Mara nyingi mtoto anasema kweli. Maili zinalipa nauli ya msingi tu. Yanayobaki yanalipwa kwa fedha taslimu, na kwa safari ndefu yanaweza kufika mamia ya dola. Ubaya ni kwamba kwenye ukurasa wa malipo yote hukusanywa chini ya maneno "kodi na tozo", kana kwamba serikali ndiyo inayachukua yote. Haiko hivyo.

Tuanze na ya serikali na viwanja. Anayeondoka Tanzania Bara kwenda nje hulipa ada ya huduma ya abiria ya dola 40, na kwa safari ya ndani ni shilingi 10,000. Fedha hii imo ndani ya tiketi, ndiyo maana wengi hawaijui. Kwa hesabu nyepesi ya shilingi 2,500 kwa dola, hizo 40 ni shilingi 100,000, wakati nauli ya kawaida ya treni ya SGR kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro ni 13,000. Si hela ndogo, lakini inajulikana ni kiasi gani na inakwenda wapi.

Uingereza ni wakali zaidi. Wana ushuru wa abiria wa anga tangu 1994, unaopanda kwa umbali na daraja. Anayetoka huko kuja Tanzania kwa daraja la kawaida alitozwa paundi 90 kuanzia Aprili 2025, na kiwango cha Aprili 2026 ni paundi 102, yaani zaidi ya shilingi 300,000. Akikaa daraja la juu, ushuru ni zaidi ya mara mbili. Kwa ushuru huu haijalishi kama tiketi imenunuliwa kwa maili au kwa fedha. Mtoto wa chini ya miaka 16 katika daraja la kawaida hatozwi, na jambo hilo familia zinazokuja na watoto zilihakiki kwenye tiketi. Tena ushuru huu hutozwa kwa anayeondoka Uingereza tu. Mama anayetoka Dar es Salaam kwenda kumwona mjukuu London haulipi wakati wa kwenda, atakutana nao siku ya kurudi.

Sasa tuje kwenye fungu ambalo, kwa maoni yetu, ndilo lenye mgogoro. Tazameni mchanganuo wa tiketi. Mkiona herufi YQ au YR, hiyo si kodi. Ni ziada inayotozwa na shirika la ndege lenyewe na inabaki kwa shirika.

Ziada hii ilienea miaka ya 2000 mafuta yalipopanda, na maelezo yalikuwa kwamba ni ya muda. British Airways, kwa mfano, ilianza mwaka 2004 kwa paundi 2.50 tu kwa safari moja. Mwaka 2008 pipa la mafuta lilipita dola 140. Lakini mapema 2016 lilishuka chini ya dola 30, na ziada haikuondoka nalo. Mashirika mengi yalibadilisha jina tu: kutoka ziada ya mafuta ikawa ziada ya shirika. Sisi tulioona tozo za miamala ya simu mwaka 2021 tunajua kwamba makato yakishazoeleka ni kazi kuyaondoa.

Kuna waliokwenda mahakamani. Mwaka 2012 wanachama wa mpango wa maili wa British Airways waliishtaki New York wakidai kwamba ziada waliyotozwa kwenye tiketi za maili haikuendana na gharama halisi ya mafuta. Shauri lilimalizwa kwa makubaliano ya fidia mwaka 2018. Kabla ya hapo, mwaka 2007, shirika hilohilo lilipigwa faini na mamlaka za Uingereza na Marekani kwa kupanga ziada ya mafuta pamoja na mshindani wake.

Kwa nini wasiiweke ndani ya nauli tu? Kwa sababu punguzo na kamisheni za mawakala kwa muda mrefu zilihesabiwa kwenye nauli ya msingi. Na maili nazo zinafuta nauli ya msingi. Nauli hiyo ikiwa ndogo na ziada ikiwa kubwa, maili zako zimenunua kidogo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Tiketi kwa fedha ni dola 900. Shirika la kwanza linataka maili 60,000 na dola 400. Umeokoa dola 500, kwa hiyo kila maili imekununulia kama shilingi 21. La pili linataka maili 70,000 na dola 120. Umeokoa 780, na kila maili ni karibu shilingi 28. La pili linakula maili nyingi lakini ndilo nafuu. Kumbukeni pia kwamba tiketi ya maili kwa kawaida haiingizi maili mpya, na ya kulipia huingiza. Wapo watu ambao ingewafaa zaidi kununua tiketi wakati wa bei ya chini na kuziacha maili.

Japani imefungamanisha ziada na bei ya mafuta ya ndege, ikipanda inapanda, ikishuka inashuka. Hapa kwetu tunadhani Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, ingeweza angalau kuyataka mashirika yatenganishe wazi mafungu haya kabla abiria hajalipa. Mwenye malalamiko anaweza kupeleka suala lake kwenye baraza la watumiaji lililo chini ya mamlaka hiyo.

Jambo la mwisho, kwa sababu misiba na magonjwa huvuruga safari: usiposafiri, omba kurudishiwa kodi. Ushuru wa Uingereza unadaiwa kwa abiria aliyepanda ndege tu. Shirika linaweza kukata gharama ya kushughulikia ombi, kwa hiyo uliza kwanza ni kiasi gani, na uombe mchanganuo wa tiketi kwa maandishi.