Dinosauri walistahimili baridi na ukame, tuna la kujifunza kwao

KWA wengi wetu, dinosauri ni mfano wa viumbe waliozidiwa na mabadiliko ya hali ya anga wakaangamia. Fikra hiyo ni nusu ya ukweli.

Wanyama hao walitamba katika nchi kavu kwa zaidi ya miaka milioni 130, kabla ya kutoweka miaka milioni 66 iliyopita. Katika muda huo walipitia joto kali, giza la miezi kadhaa, ukame na gharika.

Kwa hivyo, jambo la kuchunguzwa kwanza ni jinsi walivyodumu muda mrefu kiasi hicho. Jibu lake linaihusu Kenya, ambayo maeneo yake kame yalikosa mvua ya kutosha kwa misimu mitano mfululizo kuanzia mwisho wa 2020, kisha nchi ikakumbwa na mafuriko mwishoni mwa 2023 na tena kati ya Machi na Mei 2024.

Tuanze na baridi. Mnamo 2022, wanasayansi wakiongozwa na Paul Olsen wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, walichapisha utafiti kuhusu bonde la Junggar, kaskazini magharibi mwa China. Zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita, eneo hilo lilikuwa ndani ya ukanda wa Aktiki.

Katika tope laini la ziwa la kale, watafiti hao walikuta changarawe ambazo si rahisi kufikishwa huko na mkondo wa maji. Walieleza kwamba zilibebwa na barafu kutoka ufuoni, kisha zikadondoka barafu hiyo ilipoyeyuka. Nyayo za dinosauri zimepatikana katika miamba ya bonde hilo hilo.

Kwa maoni yao, dinosauri walikuwa na manyoya yaliyohifadhi joto mwilini. Miaka milioni 201 iliyopita, volkeno kubwa zililipuka na gesi zake zikazuia miale ya jua, dunia ikapatwa na vipindi vya baridi kali. Jamaa wengi wa mamba, waliokuwa wababe wa nchi kavu wakati huo lakini hawakuwa na manyoya, waliangamia. Dinosauri walisalia, wakarithi makao yao.

Ushahidi mwingine ulitoka Alaska mwaka wa 2021. Huko yalipatikana meno na mifupa midogo ya vifaranga vya aina saba za dinosauri, ishara kwamba walizaana papo hapo, mahali ambapo jua halikuchomoza kwa takriban miezi minne kila mwaka.

Kuhusu ukame, dinosauri walikuwa na mbinu ambayo mfugaji yeyote wa kaskazini mwa Kenya angeitambua mara moja: walihama.

Mnamo 2011, Henry Fricke wa Chuo cha Colorado na wenzake walichunguza meno ya Camarasaurus, mla majani mwenye shingo ndefu aliyeishi magharibi mwa Marekani ya leo. Aina za oksijeni zilizohifadhiwa katika meno hayo zilionyesha kwamba mnyama huyo alikunywa maji ya nyanda za juu, ilhali alifia bondeni. Watafiti walikadiria kwamba safari zake za msimu zilifika kilomita 300.

Mazingira yenye kiangazi kirefu yalikuwako pia karibu nasi, Tendaguru, katika mkoa wa Lindi nchini Tanzania. Huko ndiko Wajerumani walikochimba kati ya 1909 na 1913 na kuchukua mifupa ya Giraffatitan, ambayo hadi leo imesimamishwa katika jumba la makumbusho mjini Berlin. Ni vigumu kufikiri kwamba jitu la ukubwa huo lingetulia mahali pamoja malisho yakikauka.

Hata hivyo, ustahimilivu una mipaka. Katika jimbo la Alberta, Kanada, kuna mifupa ya maelfu ya Centrosaurus waliokufa pamoja miaka ipatayo milioni 76 iliyopita. Watafiti wanaamini kwamba walikuwa kwenye uwanda tambarare wa pwani tufani ilipoleta mafuriko, wakakosa mahali pa juu pa kukimbilia.

Hatimaye kimondo chenye upana wa takriban kilomita 10 kiligonga eneo la Yucatan, Mexico. Jua lilizibwa, mimea ikafa na dinosauri wakaangamia, isipokuwa wale wadogo ambao vizazi vyao ni ndege wa leo. Mabadiliko yalikuwa ya ghafla mno, na hapakuwa na pa kuhamia.

Hapa ndipo penye funzo. Kiumbe hustahimili hali mbaya ya anga maadamu ana akiba ya kumkinga, ana njia ya kuondoka na ana muda. Leo muda unapungua. Kiwango cha gesi ya kaboni hewani kimepanda kutoka sehemu 280 hivi kwa milioni kabla ya enzi ya viwanda hadi zaidi ya 420, na mwaka wa 2024 ulivunja rekodi ya joto duniani.

Njia nazo zinafungwa. Katika ukame wa 2020 hadi 2023, Kenya ilipoteza zaidi ya mifugo milioni mbili. Mapito ambayo wafugaji walitumia tangu jadi yamekatizwa na nyua, mashamba na miji, na kiangazi kikizidi, mizozo ya malisho huzuka Laikipia na Isiolo.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 63, inatambua malisho kuwa ardhi ya jamii, na sheria ya kuilinda ilipitishwa mwaka wa 2016. Lakini usajili wa ardhi hiyo umekwenda mwendo wa kobe. Serikali za kaunti zinapaswa kuharakisha shughuli hiyo, kuweka alama kwenye mapito ya mifugo na kuafikiana kuhusu malisho kabla ya kiangazi, badala ya kusubiri mizoga itapakae ndipo misaada iagizwe.

Vivyo hivyo, wanaoishi kandokando ya mito wanahitaji kutengewa makao salama mapema. Kuwafurusha mafuriko yakishafika, kama ilivyotokea Nairobi mwaka wa 2024, si mpango.

Dinosauri hawakuweza kukiona kimondo kikija. Sisi tunatangaziwa utabiri wa mvua na ukame kila msimu, na bado tunashtuka. Usipoziba ufa utajenga ukuta.