Khalwale: Fahali uwanjani, mkulima shambani

Katika Kaunti ya Kakamega, mwanasiasa anayetaka kusikilizwa na wakulima hana budi kuonyesha kwamba naye ni mwenzao. Wachache wamelitambua hilo kama Dkt Boni Khalwale, tabibu aliyezaliwa Malinya, Ikolomani, mnamo 1960, ambaye umma humjua zaidi kwa fahali wake wa kupigana kuliko kwa taaluma yake.

Kwa Waisukha na Waidakho, mchezo huo si burudani tupu. Umefungamana na mazishi ya wazee walioheshimiwa, na fahali hupelekwa uwanjani asubuhi wakisindikizwa na ngoma za isukuti. Mwenye fahali mshindi hupata heshima ambayo fedha za kampeni haziwezi kununua.

Heshima hiyo imekuwa mtaji wa Khalwale. Aliingia Bungeni 2002 kwa wimbi la Narc, akarejea 2007 kwa tikiti ya New Ford Kenya. Julai 2008 aliwasilisha hoja ya kutokuwa na imani na Waziri wa Fedha wakati huo, Amos Kimunya, kuhusu uuzaji wa hoteli ya Grand Regency. Siku chache baadaye, waziri huyo alijiondoa kwa muda. Mahakama ilipobatilisha uchaguzi wake, Ikolomani ilimrejesha katika uchaguzi mdogo wa Mei 2011.

Mnamo 2013 alikuwa seneta wa kwanza wa Kakamega. Alishindwa na Wycliffe Oparanya katika kinyang'anyiro cha ugavana 2017, lakini 2022 alirudi Seneti kwa tikiti ya UDA, ingawa wakazi wengi walimpigia Raila Odinga kura ya urais.

Hata hivyo, nyota yake ilipokuwa iking'aa, uchumi wa mkulima ulikuwa ukizama. Kiwanda cha Mumias, kilichoanza kusaga miwa 1973 na hisa zake kuuzwa kwa umma 2001, kiliwekwa chini ya mrasimu 2019. Kilikodishwa kwa kampuni ya Sarrai ya Uganda mwishoni mwa 2021, na kesi kuhusu ukodishaji huo zikafurika mahakamani. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi: aliyesubiri malipo ya miwa ili alipe karo ndiye aliyeumia.

Lawama hizo haziwezi kubebeshwa mtu mmoja. Katiba ya 2010 ilikabidhi kaunti shughuli za kilimo na mifugo, huku sera zikibaki kwa Serikali ya Kitaifa. Seneta hana bajeti ya mbolea wala kiwanda. Alicho nacho, kwa mujibu wa Kifungu cha 96, ni mamlaka ya kutetea maslahi ya kaunti, kushiriki katika kutunga sheria na kufuatilia matumizi ya fedha za kaunti.

Hapo ndipo Khalwale, sawa na wenzake wa magharibi, anastahili kupimwa. Sheria ya Sukari ya 2024 ilirejesha Bodi ya Sukari na kuruhusu ushuru usiozidi asilimia 4 kwa ajili ya kustawisha sekta hiyo. Fedha hizo zisipofuatiliwa, zitapotea kabla ya kufika shambani.

Uchaguzi Mkuu wa 2027 utawarejesha wanasiasa viwanjani. Mkulima wa Kakamega atawashangilia fahali kama ilivyo desturi yake. Ila kabla ya kupiga kura, ana haki ya kuuliza miwa yake italipwa lini, na nani atakayewajibika isipolipwa.