Padri Aitwe Mapema



Juma lililopita mtu mmoja alinijia jioni, baada ya masomo. Mkewe yu kitandani mwezi wa tatu sasa, naye hakuthubutu kumwita padri. "Mwalimu," akaniambia, "akimwona padri na mafuta yake, atadhani nimemkatia tamaa." Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nilifanya vivyo hivyo baba yangu alipougua, nami nimesoma seminari! Baba alifariki usiku, padri hajafika.

Basi nikamsimulia habari za Mwenye Heri Isidori Bakanja, ndugu yetu wa hapa Kongo. Kijana huyu alikuwa msaidizi wa waashi, akabatizwa tarehe 6 Mei 1906. Mwaka 1909 msimamizi Mzungu wa shamba alikofanya kazi aliamuru apigwe, kwa kuwa alivaa skapulari ya Bikira Maria na kuwafundisha wenzake sala. Mjeledi ulikuwa wa ngozi ya tembo, wenye misumari. Vidonda vya mgongo vikaoza, akaugua miezi mingi hata akafa tarehe 15 Agosti mwaka ule ule.

Sisi tukisikia habari hii twatazama kifo chake tu. Mimi nataka mtazame ile miezi. Bakanja hakujifanya kama haumwi. Alimwonyesha mkaguzi vidonda vyake, akamtaja aliyemtesa, akakubali kutibiwa. (Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba mwenye imani huacha dawa za dispensari.) Mwezi wa Julai mapadri wakafika, akaungama, akapakwa mafuta, akapokea Komunyo. Je, alikufa siku ile? Hasha! Aliishi yapata majuma matatu tena, akisali rozari yake. Naye aliwaahidi mapadri kwamba atamwombea yule msimamizi mbinguni. Sidhani mgonjwa aliyeachwa peke yake na maumivu yake angaliweza neno kama hilo.

Tena Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, ulisema sakramenti hii yafaa zaidi iitwe Mpako wa Wagonjwa, wala si ya wale tu walio katika kukata roho. Lakini vijijini mwetu bado twangoja hata mgonjwa asiweze kunena. Ataungamaje?

Yule baba aliondoka bila kunijibu. Jumapili nilimwona mlangoni pa sakristia, kofia mkononi, akimngoja padri avue mavazi ya Misa.