TUMKATAZE KIJANA KWA ELIMU, SIO KWA UZUSHI: KUHUSU ALBAMU YA "DUMA"



Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w). Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu, hasa mlioko Sumbawanga na Ufipa yote, kuanzia Laela mpaka Matai. Kwenye magrupu yetu inazunguka sauti ya mtu anayepiga mayowe juu ya ngoma za kompyuta, na chini yake pameandikwa kwamba ni muziki wa Freemason, eti ukiusikiliza mara tatu jini anaingia. Kijana mmoja wa kidato cha tatu amekutwa nao kwenye simu. Ameitwa mtoto wa Freemason mbele ya wenzake na kuondolewa madrasa. Tangu siku hiyo msikitini haonekani.

Sisi Waislamu hapa Ufipa ni wachache. Tumepata wapi ujasiri wa kumtupa mmoja wetu kwa ujumbe ambao hata aliyeuandika hatumjui?

Soma mpaka mwisho kabla hujanijibu.

1. JUA KWANZA UNACHOKISEMA

Surat Al-Hujurat aya ya 6 inatuamrisha tuchunguze habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Basi hizi ndizo habari zenyewe. Duma walikuwa vijana wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, waliotokea kwenye bendi za magitaa mazito za huko. Albamu yao ya kwanza ilitoka Agosti 2020 chini ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Kwetu duma ni yule mnyama mwenye mbio. Wao wamelichukua jina hilo kwa maana ya giza, kwa Kikikuyu.

Na hiyo Nyege Nyege, wenyewe wanasema ni neno la Kiganda la hamu ya kucheza. Kwa Kiswahili ni neno ambalo hulitamki mbele ya mama yako. Tamasha lao la Uganda waziri wa maadili alitaka kulizuia mwaka 2018, na Bunge likataka kulizuia mwaka 2022. Mara zote mbili likafanyika. Zingatia hapo: marufuku peke yake haikumtoa mtu uwanjani.

Hizo ndizo habari. Jini yuko wapi? Freemason yuko wapi?

2. SISI TUNAUJUA UCHUNGU WA KUSINGIZIWA

Jina la mji wetu kwa Kifipa maana yake ni "tupa uchawi". Ukifika Dar es Salaam ukataja Sumbawanga, watu wanacheka, mwingine anakuuliza habari za radi. Unakasirika, na una haki ya kukasirika. Sasa wewe unayekasirika kwa kuitwa mchawi kwa sababu ya jina la mji tu, unamwitaje mtoto wa Muislamu mwenzako mtu wa shetani kwa sababu ya wimbo kwenye simu? Mtume (s.a.w) ametuonya kwamba anayemwita ndugu yake kafiri, neno hilo litamrudia mmoja wao. Utani na dini haufai.

3. NA NINYI MNAOSEMA "NI MUZIKI TU"

Msifurahi mapema. Sijaja kuuhalalisha.

Kwanza, jumhuri ya wanazuoni, wakiwemo wa madhehebu yetu ya Shafi, wamezikataza ala za muziki. Ibn Hazm alikhalifu, na mnapenda kumtaja. Mbona hamsemi kwamba hata yeye aliangalia nia, na anayesikiliza ili imsaidie kumuasi Allah akamhesabu ni fasiki?

Pili, Allah katika Al-Baqara aya ya 257 anasema kuwa Yeye huwatoa walioamini gizani na kuwapeleka kwenye nuru. Wewe umetolewa gizani, sasa unarudi kulitafuta na kulivaa masikioni?

Tatu, ndani ya albamu hiyo umo wimbo ambao jina lake linamtaka mtu ajiue kabla hajauawa na wengine. Mtasema ni sanaa, msanii ana maana yake. Sawa, huenda anayo. Lakini yule mwenye miaka 16, amefeli mtihani, amegombana na baba yake, yuko peke yake usiku wa baridi ya Ufipa na spika za masikioni, nani atamfafanulia hiyo maana? Surat An-Nisaa aya ya 29 imetukataza kujiua, na papo hapo ikatukumbusha kwamba Allah ni mwenye kutuhurumia. Kwenye mayowe yale, huruma hiyo ataisikia wapi?

4. MAYOWE YANATOKA WAPI

Muziki huu wa magitaa ya kupiga kelele mizizi yake inafika kwenye bluzi ya watu weusi wa Marekani, na bluzi ilitokana na vilio vya watumwa mashambani. Wengi hamjui kwamba miongoni mwa watumwa wale walikuwemo Waislamu kutoka Afrika Magharibi. Omar ibn Said aliandika maisha yake kwa Kiarabu mwaka 1831 akiwa mtumwa huko North Carolina. Mwanahistoria Sylviane Diouf ameeleza jinsi vilio vile vinavyofanana na adhana na kisomo cha Qur'an.

Fikiri, ndugu yangu. Watu wale walinyang'anywa misikiti, majina, na watoto wao wasirithi dini. Wajukuu wakabaki na kilio. Wewe sijda hujanyang'anywa. Adhana unaisikia mara tano kwa siku. Nabii Yaaqub (a.s) alilia mpaka macho yakawa meupe, lakini alisema wazi kwamba huzuni yake anamshitakia Allah peke yake. Yeye alijua kilio anakipeleka wapi.

5. TUFANYE NINI

Wazee, huyu kijana ana uchungu wake, na sisi hatukumuuliza. Tulimuuliza simu yake tu. Halafu baadhi ya waliomfukuza, harusi za binti zao zilipigwa singeli mpaka usiku wa manane, na Alfajiri msikitini tukawa safu moja. Ikiwa haramu ni haramu, basi ianzie kwa mwenye ndevu.

Kwa hiyo: futa ule ujumbe, usiusambaze tena hata kwa kuulaani. Aliyemfukuza aende nyumbani kwao akampe salamu, akae, amsikilize kabla ya kumhubiria. Walimu wa madrasa, tengeni muda baada ya Isha kwa ajili ya vijana kuuliza lolote bila kutukanwa.

Na wewe kijana, kama unasoma hapa: nafasi yako kwenye safu ipo. Njoo na uchungu wako, na maswali yako njoo nayo. Ule muziki tutauzungumza ukishakaa.

Ewe Allah, watoe vijana wetu gizani, na usitufanye sisi kuwa sababu ya kuwarudisha humo. Aamin.

Wallahu a'lam.