Kibao cha Duka na Daftari la Msajili

Kijana mmoja katika wasomaji wetu ametuuliza: amefungua duka la nguo pamoja na kaka yake, nao wameliita "Baraka". Je, yawapasa kuliandikisha jina hilo, nao ni ndugu waaminianao?

Twamjibu: yawapasa. Katika Tanzania Bara jambo hili lina sheria yake, Sura ya 213. Afanyaye biashara kwa majina yake halisi bila ya kuongeza neno halazimiki. Lakini atumiaye jina jingine sharti aliandikishe. Kazi hiyo ni ya BRELA, wakala wa serikali ulioanzishwa mwaka 1999, na siku hizi maombi hupelekwa kwa mtandao. Zanzibar ina wakala wake mbali, BPRA. Huandikwa jina la biashara, aina yake, mahali ilipo, na majina kamili ya wenyewe wote. Jina lililokwisha kuandikishwa na mwingine hukataliwa. Tena mshirika akitoka au akiingia, yapasa msajili aarifiwe.

Ama faida yake, na tueleze tuliyoyaona kwa macho yetu. Tuliitwa katika nyumba moja ya msiba kusuluhisha mirathi. Marehemu aliacha mjane, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Juu ya mlango wa duka lake pana kibao: "Fulani na Wanawe". Wale vijana wakasema, "Kibao ndicho shahidi wetu, sisi tu washirika, hatugawi ila fungu la baba." Mabinti wakasema duka lote ni la marehemu, na mama yao apewe thumni yake, nao wapate haki yao. Tukauliza daftari, halikuwapo. Tukauliza hati, haikuwapo. Na mmoja katika wale vijana kweli aliuza mashua yake akatia fedha dukani, wala hakuwa na ushahidi ila kiapo chake.

Basi ni nani aliyedhulumiwa? Hatukuweza kujua. Tulipatanisha tulivyoweza, lakini watoto waliokuwa wakila sinia moja leo hawaamkiani. Lau majina ya washirika yangaliandikwa baba angali hai, tungalikuwa na pa kuanzia.

Wako wasemao kuwa kuandikiana baina ya ndugu ni kutoaminiana. Sivyo. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani, katika Suratul Baqara, yaamrisha deni liandikwe na mashahidi wawekwe. Uandishi hauvunji udugu, bali waulinda siku mmoja wao asipokuwapo kujisemea.

Lakini vijana wetu wasidhani kuwa cheti hicho chatosha kila kitu. Si leseni ya biashara. Hiyo huombwa mbali. Wala hakilifanyi duka kuwa kampuni: duka likidaiwa, mwenyewe ndiye adaiwaye, na mali yake ya nyumbani yaweza kufuatwa. Wala hakielezi kila mshirika ametia rasilimali kiasi gani na faida yagawanywaje. Hayo yaandikwe katika mapatano yao, mbele ya mashahidi.

Ewe mzazi, ukiandika "na Wanawe" juu ya mlango, kwanza jiulize: je, ni kweli? Ikiwa kweli, waandikishe. Ikiwa si kweli, kiteremshe kibao chako leo, kabla hakijawagombanisha wanao.

Wabillahi tawfiq.